Lita Ishirini

Nyuma ya karatasi ya dawa nilichora:
urefu shubiri mbili, kina shubiri na nusu,
lita ishirini za bahari.
Kidaka cha nyanya ndicho nilichokitamani kwanza.
Fundi Bwanadi akakigonga kwa kucha, akatikisa kichwa:
"Hiki kilijengwa kibebe bakuli. Maji yana uzito, mwanangu,
na ya chumvi yana uzito na kiburi."
Nikaliweka tangi juu ya kasha, chini ya kidaka,
bilauri iliyojaa pomoni ikanishuhudia kuwa kasha limelala sawa.

Bi Shumi wa nyumba ya pili alikuja kuomba ndimu, akacheka:
"Bahari iko hapo chini ya ngazi,
nawe waifungia kiooni?"
Sikuwa na jibu. Nilimpa ndimu.

Wiki sita sikutia chochote chenye macho.
Mawe, mchanga, maji yanayozunguka,
kwani kuna wadudu wasioonekana
walao sumu ya uozo, na hao lazima watangulie
kama watu wa jikoni kabla ya harusi.
Wiki ya pili maji yalinuka.
Ya tatu, ukungu wa kahawia ukatandika busati.
Matone matano kichupani, tikisa, ngoja:
kijani. Kijani. Kijani bado.
Dukani nahesabu matone ya watoto wenye homa,
nyumbani nahesabu ya maji.
Siku ya arobaini na moja, manjano.

Nyanya alifuga samaki wawili katika birika la chooni,
wakila viluwiluwi vya mbu,
na bakuli la kaure kule chini
wapate pa kujisitiri birika likikauka.
Hakupima kitu.
Aliwaambia tu "samahanini" kabla ya kuteka.

Mimi napima.
Lita ishirini hazina msamaha.
Bahari humeza mzoga wa nyangumi isijue;
hapa, konokono mmoja akifa nyuma ya jiwe
asubuhi maji yote ni maziwa.

Na hili nililijua kwa hasara:
maji huondoka, chumvi haiondoki.
Kila siku kikombe kimoja chapaa kwa joto la Februari,
na mjinga hurudisha kikombe cha bahari.
Nilirudisha. Siku nne.
Kamba wangu akajikunja
kama ukucha uliokatwa.
Sasa narudisha maji ya mvua, ya mtungini, yasiyokumbuka kitu,
jicho kwenye sindano ya kipimo
mpaka itulie.

Stima ilipokatika usiku wa Jumanne
nilikaa na bomba la sindano, lile kubwa la kusafishia vidonda,
navuta, narusha, navuta, narusha,
hadi adhana ya alfajiri,
na sikumwambia mtu.

Tumbawe lenyewe lilikuja mwezi wa nne,
refu kama kidole cha mwisho, limegandishwa juu ya kigae,
kutoka kitalu cha vijana walimao chini ya maji,
na kibali chake chenye muhuri.
Siku tatu lilijifunga.
Ya nne, taa ikiwa imefifia,
vijidomo vikatoka kimoja kimoja
kama wageni wasio na hakika ya mlango.
Lataka chokaa, nilisoma. Lajenga kwa chokaa.

Nikainua macho.
Ukuta wote ni matumbawe.
Yalikatwa, yakachongwa, yakapangwa;
mengine yakachomwa tanurini
yakawa lipu ya kidaka hiki cha nyanya.
Tangu kuzaliwa nalala ndani ya mwamba uliokufa,
nauita nyumbani.
Pale lipu ilipobanduka kidole changu kilikuta nyota,
ndogo, kavu, nyingi,
zile zile za kiooni.

Jana Bi Shumi alirudi, ndimu mbili mkononi.
Akainama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
Akaufuta kwa ncha ya mtandio.
Kaa aliyepanga gome la mwenzake
alikuwa akihamisha mchanga, punje kwa punje.
Nilingoja anicheke.
"Huyu," aliuliza, kwa sauti ya chini,
"hula nini?"